Chuo Nilichokifuta Mimi

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye ngazi za ofisi ya mshauri wa vyuo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikijiuliza kama nimpige nacho au nikivae. Nilikivaa. Msinisifu kwa busara. Kilikuwa kiatu changu kizuri, na kichwa cha mshauri kilikuwa kigumu.

Kwa aliyelikosa gazeti, habari ni fupi. Mimi ni opereta wa simu mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kubwa, nikiwaunganisha wagonjwa na ndugu zao, madaktari na wake zao, na mara nyingine madaktari na wake za wenzao. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine niliyasikia waya kwa waya.

Naishi kwa mwanangu, mchomeleaji vyuma, ambaye jicho lake moja lilikufa kwa cheche. Mkewe alimkimbia na muuza magodoro. Hiyo niliisimulia sehemu ya pili, na muuza magodoro ameniandikia barua kulalamika kwamba yeye huuza na mito.

Amebaki na binti mmoja, mjukuu wangu. Tunamwita Msumari, kwa sababu ukimgonga halii, anazama tu.

Msumari amefaulu na anataka kusoma sayansi ya kompyuta. Mfuko wetu unaweza kubeba chuo kimoja cha bei ndogo, tena kwa kupokezana begani. Fomu ya kuomba ni moja kwa vyuo vyote, ina nafasi sita, hutumwa mara moja, na ikishaondoka haijui neno samahani. Ukiijaza vyuo sita usivyovimudu, umejaza sifuri sita. Ndiyo maana tulikwenda kwa mshauri.

Mshauri alikuwa na tangi la samaki lisilo na samaki, na ukutani picha za vijana wenye majoho wakirusha kofia. Alitupa jalada linalong'aa lenye vyuo sita, vyote vyenye mageti ya marumaru. Nikamuuliza ada. Akanijibu huku akicheka kwamba elimu haina bei. Nikamuuliza mbona basi msichana wake wa mlangoni ametutoza hela ya kuingia.

Hapo akaacha kucheka. Akatazama viatu vya Msumari, akatazama mikono ya baba yake iliyoungua, akasema lile neno lililonivua kiatu.

"Kwa mfuko huu, binti ajifunze kusuka nywele. Kompyuta ataziona kwa wateja."

Mwanangu aliinamisha kichwa kana kwamba ndiye aliyetukana. Msumari yeye alimuuliza mshauri kama anaweza kuondoka na jalada, maana karatasi zake ni nyeupe upande wa nyuma. Mshauri akamwambia achukue. Huyo ndiye Msumari.

Basi tukarudi nyumbani, tukaanza kuitengeneza orodha wenyewe.

Alichora jedwali nyuma ya zile karatasi. Safu ya kwanza ada, ya pili bweni, ya tatu nauli. Zote tatu alizijaza kutoka mtandaoni, kwa kompyuta iliyopasuka kioo ambayo aliiokota kwenye duka la fundi simu anakofanya kibarua. Safu ya nne aliiandika "vya kushtukiza", akaiacha tupu. Hivyo ni vile vinavyomsubiri mwanafunzi akishaingia na geti likishafungwa.

"Hii haimo mtandaoni, Bibi," akaniambia. "Iko midomoni mwa watu."

Nilihisi miaka thelathini inanitoka mgongoni. Nikavuta kiti, nikajisafisha koo, nikachukua simu yangu ndogo ya vitufe.

Nami nawapa siri hii bure, wazazi mnaonisoma. Usiulize ofisi ya udahili; hao wanalipwa watabasamu. Mwombe opereta akuunganishe na bawabu. Ukimaliza na bawabu, omba jikoni. Ukitoka jikoni, mtafute anayefagia maabara. Sauti yangu mnaiona hapa kwenye karatasi tu, lakini iliwahi kumfanya mkurugenzi mmoja avae koti kabla ya kuinua simu, na alikuwa kitandani. Kwa sauti hiyo bawabu haulizi wewe ni nani. Anajibu.

Bawabu wa chuo cha kwanza alinieleza kwamba kompyuta ni arobaini, lakini thelathini zimefunikwa vitambaa na hufunuliwa wageni wakija tu. Vitambaa, akasema, hufuliwa kila Ijumaa. Kompyuta zenyewe hajawahi kuzisikia zikiwaka.

Mpishi wa chuo cha pili alisema wanafunzi huchangia mafuta ya jenereta, na wiki ya mitihani huchangia mara mbili. Wasiochangia hufanya mtihani wa kompyuta kwa kalamu, karibu na dirisha.

Chuo cha tatu, mwalimu wa programu ndiye pia dereva wa mkuu wa chuo. Mkuu akisafiri, somo nalo limesafiri.

Msumari aliandika yote, safu ya nne, kwa mwandiko mdogo. Mara moja tu alicheka, pale niliposema la kalamu. Kisha akafuta chuo hicho bila huruma. Tulianza na vyuo kumi na tisa. Siku nne baadaye vilibaki saba, na fomu ilikuwa na nafasi sita.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, ambalo ni la mjinga, kabla ya la pili, ambalo si la mjinga.

Kila kazi ina mizani yake. Muuza nyama huangalia mfupa, mshonaji huangalia pindo. Opereta huhesabu mlio. Simu ikilia mara tatu, hapo pana watu. Ikilia mara saba, hapo wanagombana. Ikipita kumi, hapo hapana mwenyewe, na chuo kinachoacha simu ilie mara kumi kitaacha na mtoto wako alie. Vyuo viwili nilikuwa nimevikata kwa mizani hiyo, kwa wino mwekundu, na Msumari hakubisha.

Chuo cha saba kilikuwa mbali, safari ya siku mbili. Kwenye jedwali la Msumari ndicho kilichokuwa juu, na pembeni yake alikizungushia duara. Ada yake ndogo kuliko zote. Tena tovuti yao ilisema wanafunzi wa kompyuta wanaokubali kushika zamu kwenye chumba cha mitambo ya chuo husamehewa ada yote. Kama jambo hilo lilikuwa bado lipo, au lilikuwa tangazo la zamani lililosahaulika, hakujua. Ndilo nililotakiwa kuuliza.

Nikapiga. Ikalia mara ishirini na mbili. Nikashika kalamu nyekundu.

"Labda opereta ametoka kidogo," akasema Msumari.

"Opereta hatoki."

"Hata chooni?"

"Mke mwenza, miaka thelathini na mmoja."

Msumari namwita mke mwenza tangu akiwa na miezi mitatu. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimpakata na kunitangazia kwamba ameoa mwingine asiye na meno ya kumng'ata. Tulimgombania mzee yule mpaka siku aliyotuacha wote wawili.

Nikakikata. Msumari hakunizuia mkono, ila alisema neno moja, na aliposema hakuwa akitania.

"Kesho piga tena. Hicho kimoja, Bibi, usikihukumu kwa kengele."

Kesho yake mwanangu alikuwa karakana, Msumari kwa fundi simu, nyumba yote ni mimi na nzi mmoja. Nikapiga. Mlio wa tatu, ikainuliwa.

Ilikuwa sauti ya mzee, imenyooka kama rula. Alitaja jina la chuo, akanisalimu, akaniuliza anisaidie nini, kwa mpangilio uleule tuliofundishwa zamani kwa kupigwa rula mikononi. Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza amekaa kwenye swichibodi miaka mingapi. Akacheka, akasema ishirini na tisa. Tangu hapo hatukuwa tena wageni.

Akaniambia wachimba mitaro waliwakatia waya na simu ilikuwa maiti kwa mwezi mzima; mpigaji alisikia mlio, kwake hailii. Ameunganishiwa asubuhi hiyohiyo. Akaniambia msamaha wa ada upo. Kompyuta zinawaka mpaka zinapasha chumba joto. Waliomaliza mwaka uliopita waliajiriwa kabla majoho hayajarudishwa stoo.

"Nafasi za msamaha ni nane na zimejaa nne tu, kwa ajili ya simu kufa," alisema. "Mtie kwenye fomu leo, mwenzangu. Mtoto wa opereta ni wetu sote."

Hapo nilitakiwa nitoke mbio mpaka kwa fundi simu bila viatu. Badala yake nikauliza swali moja zaidi. Nikauliza likizo wanarudi lini nyumbani.

Alisema likizo ndiyo zamu zenyewe. Ndizo zinazolipa ada. Mtoto huja akiwa mtoto na huondoka na shahada. Miaka minne.

Nitawaambieni ukweli, kwa kuwa mhariri amenikataza kusema uongo zaidi ya kurasa mbili. Mimi nina miaka sabini na tatu. Mwanangu, tangu mkewe aondoke, huniambia maneno kumi na moja kwa siku. Nimeyahesabu, na matatu kati yake ni "chumvi iko wapi". Msumari ndiye anayenisomea maandishi ya dawa. Jumamosi huniketisha mlangoni, akaniweka mguu mapajani kwake na kunikata kucha, huku akinieleza mambo ya kompyuta ambayo sielewi hata moja na sitaki yaishe. Niliweka miaka minne juu ya umri wangu. Ikamwagika.

Nikamshukuru yule mzee. Na kabla sijakata, mdomo wangu wenyewe ukamtajia namba yangu na kumwomba airudie, akairudia. Ni mazoea ya kazi: opereta hakati simu bila kuacha namba. Mwizi mwenye akili haachi anwani. Mimi niliacha, na kuihakiki.

Msumari alirudi saa kumi. Hakuvua hata mkoba. Akaniuliza wamesemaje.

Nikamwambia wamefunga idara ya kompyuta.

Ningeishia hapo, lakini ulimi wangu haujui kujenga kibanda, hujenga ghorofa. Nikamwambia mwalimu wao mkubwa amekufa kwa jino. Kompyuta zimeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chumba cha mitambo sasa mkuu wa chuo anafugia kuku wa mayai, na wanafunzi walio zamu wanaokota mayai. Nilivyosimulia, hata mimi niliwasikia wale kuku.

Alinisikiliza bila kupepesa jicho. Aliuliza mawili tu.

"Nani kakwambia?"

"Opereta mwenyewe."

"Alikuwa na sauti gani?"

"Ya mtu anayesikitika," nikasema.

Akachukua jedwali lake. Akalikunja pale palipokuwa na kile chuo, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, akauchana ule ukanda taratibu, ukatoka umenyooka. Akauweka kwenye majivu ya jiko. Kisha akasema basi ni sita, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Fomu ilikwenda Ijumaa, saa moja kabla ya kufungwa. Cha kwanza juu kabisa tuliweka chuo cha jirani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilikisifu mimi. Na hapa pana kifuniko kingine cha kufunua: kwenye jedwali lote, safu ya nne ya chuo hicho kimoja ndiyo niliyoijaza bila kumpigia bawabu wala mpishi. Niliandika "hakuna cha kushtukiza". Nilipenda kilivyo karibu, nikaogopa kuuliza.

Majibu yakaja baada ya wiki tatu. Vyuo vitatu vilikataa. Viwili vilikubali kwa ada mpya ambayo mwanangu alipoisoma alirudisha simu kwa Msumari haraka, kama imemuunguza. Cha jirani kilikubali. Nilicheza. Nilizunguka meza nikicheza, mtu mzima, na Msumari akaniangalia akatabasamu kwa kunihurumia.

Siku ya pili ukafika ukurasa wa pili wa barua yao. Mchango wa maabara. Mchango wa leseni za programu. Mchango wa maendeleo, ambayo hayakutajwa ni ya nani. Nusu ya vyote ilipwe ndani ya siku tano, na kilicholipwa hakirudishwi. Jumla yake ilikuwa mara mbili ya ada yenyewe.

Msumari alisema ataahirisha mwaka mmoja, afanye kazi kwa fundi simu, aombe tena. Alisema kama mtu anayesema atapita dukani.

Siku hiyo mwanangu alivuka maneno yake kumi na moja. Alisema hakuna mtoto wake atakayekaa akisubiri. Alisema yeye amesubiri mtu miaka saba mlangoni, na anajua kusubiri kunavyomla mtu. Jumatatu alitoka na mkokoteni umebeba mashine yake ya kuchomelea, akarudi na mkokoteni mtupu. Jumanne alilipa.

Jumatano akaenda kuomba kibarua kwenye karakana ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, aliyemwonyesha hata namna ya kushika elektrodi. Yule kijana alimkubali. Siku ya kwanza hakumpa chuma achomelee. Alimpa birika akawachotee mafundi chai, kwa sababu, alisema, jicho moja linatosha kwa chai. Mafundi wakacheka, na mwanangu akacheka nao. Alinisimulia mwenyewe usiku wa siku ile, akiwa ananawa, tena akanitazama aone kama nami nitacheka.

Sentensi moja tu ingezuia yote hayo. Nilikuwa nayo mdomoni kila siku, kuanzia asubuhi mpaka ninapozima taa. Nikiitafuna na wali, nikiinywea na dawa.

Ikaja Alhamisi, kama saa sita mchana.

Nilikuwa uani nafua, mikono povu mpaka kwenye viwiko. Simu yangu ilikuwa dirishani. Msumari alikuwa amepita nyumbani kuchukua bisibisi. Simu ikalia, akaiinua, akaweka spika kama anavyofanya siku zote nikiwa na mikono michafu.

"Naomba nizungumze na opereta mwenzangu," ikasema sauti iliyonyooka kama rula. "Yule bibi mwenye mjukuu wa kompyuta."

Kisha akataja jina la chuo.

Nilinyanyuka na kunyoosha mikono, povu likidondoka. Msumari akarudi nyuma hatua moja. Halafu, wasomaji wangu, akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa sauti yake. Ilikuwa yangu. Ile ya swichibodi, asali juu na chuma chini. Sijui aliijifunza lini.

"Ndiye mimi, mwenzangu. Uzee kapu bovu. Hebu nikumbushe siku ile tulizungumza nini."

Naye, maskini wa Mungu, akamkumbusha. Waya uliokatwa na wachimba mitaro. Nafasi nane. Msamaha wa ada. Kompyuta zinazopasha chumba joto. Alikumbuka hata swali langu la likizo, akasema lilimgusa, kwa sababu bibi wengi hawaulizi.

"Nilishangaa kutosikia tena habari za mtoto," akamalizia. "Na ulikuwa umefurahi kweli siku ile."

Msumari hakuniangalia usoni. Alikuwa akiangalia povu linavyopasuka kwenye beseni, moja moja.

Mzee akaendelea. Msamaha ulikuwa umebakiza nafasi mbili, na sasa chuo kinazijaza chenyewe, fomu haihitajiki. Msajili amempa daftari la wote waliowahi kuulizia, awapigie. Kinachotakiwa ni mlezi aseme ndiyo, leo, kabla ya saa saba, karatasi zitafuata. Ameanza na mimi, akasema, kwa heshima ya kazi.

"Siku ipi hiyo mliyozungumza?"

Huyo alikuwa mwanangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Karakana walimpa nusu saa ya kula, naye alitembea dakika kumi na tano kuja kula nyumbani, kwa maana hiyo chakula chenyewe alikuwa anakiangalia tu na kurudi.

Msumari alimjibu kwa sauti yake mwenyewe sasa, akiwa ameziba simu kwa kiganja.

"Kabla ya fomu, Baba. Kabla ya mashine."

Nilingoja dunia inipasukie kichwani. Nilitaka anipigie kelele. Lakini mwanangu hakunigeukia kabisa. Alimkabili binti yake, taratibu, kama anapima chuma kabla ya kukata. Akamwambia hela imeshalipwa na hairudi. Mashine imeshakwenda na hairudi. Atasoma hapa, dakika ishirini kwa miguu, na atarudi nyumbani kila jioni, kitu ambacho mama yake alishindwa.

Msumari akamwambia chuo cha jirani kinadai nusu nyingine mwezi ujao, na hawana tena cha kuuza.

"Tutauza kitanda changu," akasema. "Sikuwa mtoaji chai kwa mchezo. Huendi."

Nikaona ninachokijua vizuri kuliko yeyote aliye hai. Mtu ameulipia uongo kwa gharama kubwa mno, na sasa hawezi kukubali kwamba ni uongo. Nilikiumba mimi kitu kile. Nilimwangalia kama bidhaa yangu.

Msumari aliondoa kiganja kwenye simu, akaninyooshea. Hakuniita Bibi.

"Anataka neno la mlezi. Baba ameshasema lake."

"Mama," akasema mwanangu, na hapo ndipo aliponitazama kwa jicho lake moja. "Ukisema ndiyo, leo usilale hapa."

"Haloo?" ikasema spika. "Mwenzangu, upo? Hapa meza ya pili, nao wanapiga simu, wananionyesha kidole, wameshatoa moja. Imebaki moja."

Maisha yangu yote maneno yamekuwa yakinitoka yenyewe, wala sijawahi kuyaona uzito. Hilo moja lilinibidi nilivute kama ndoo kisimani. Nilimwangalia Msumari, nikatafuta usoni kwake kitu kidogo cha kunisaidia, hata hasira. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amezama.

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo inatoka kwa nani?"

"Kwa bibi yake. Mlezi wake."

"Taja jina la mtoto nimwandike."

Nikataja jina lake lote mpaka la ukoo, herufi kwa herufi. Nilisikia karatasi ikifunuliwa. Nilisikia kalamu ikigongwagongwa mezani, kama kalamu iliyogoma kutoa wino. Msumari alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mkono usio na simu.

"Subiri kidogo, mwenzangu," akasema mzee. "Laini nyingine inalia."

Akatuacha hewani.

Msumari akaiweka simu juu ya kigoda, katikati yetu, spika ikiangalia juu. Tuliinama wawili juu yake kama watu wanaochungulia kisima. Haikuwa imekatika. Kwa mbali kabisa nilisikia sauti ya yule mzee akizungumza na mtu mwingine, kwa adabu ileile, kwa mpangilio uleule. Neno moja moja lilinifikia. Nilisikia "mlezi". Nilisikia "imebaki".

Nyuma yetu mwanangu hakungoja. Alipita kuelekea chumbani kwangu, na nikalisikia sanduku langu la nguo likiburutwa kutoka chini ya kitanda, kisha sakafuni, kisha juu ya kizingiti. Nilitaka kugeuka. Msumari akanikamata mkono, povu na vyote, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua kama ni ya kunishikilia au ya kuniumiza.

Sanduku likatupwa uani, kifuniko kikafunguka.

Upande wa pili wa simu, mtu akauinua mkonga, akavuta pumzi ya kusema.